Kasi ya Sauti ya Mjomba

Mjomba wangu amebakiwa na dakika tatu za sauti. Zimo kwenye santuri ndogo ya kasi ya 45, ya miaka ya 1970, na humo si mwimbaji mkuu. Ni mmoja wa waitikiaji watatu, mwenye sauti ya juu. Tanga ya wakati ule ilikuwa mji wa bendi. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilijulikana mbali. Bendi ya mjomba ilijulikana barabara mbili tatu. Santuri yake ilichapwa Nairobi, kama za bendi nyingi za Tanzania. Zaidi ya hiyo, hakuacha kanda wala video.

Mama ni dada yake. Ana miaka 78. Sikio la kushoto limeshaziba, na la kulia, daktari anasema, linaelekea hukohuko. Usikivu wa uzeeni huanza kupoteza sauti za juu, za chini zikafuata baadaye. Kwa hiyo, katika wale watatu, wa kwanza kumpotea Mama atakuwa kaka yake.

Gramafoni ya nyumbani ni ya Kijapani, ya miaka hiyohiyo, ambayo sinia lake huzungushwa na mota moja kwa moja bila mkanda. Mtindo huo uliingia sokoni mwaka 1970, Matsushita walipotoa SP-10. Uzuri wake ni kwamba hakuna mpira wa kulegea. Bodi ya umeme ndiyo inayoamuru kasi. Ubaya wake ni huohuo: bodi ikichoka, kila kitu kinachoka nayo. Yetu ilianza vizuri, kisha baada ya dakika kumi ikawa inavuta. Sinia likizunguka mara 42 na nusu kwa dakika badala ya 45, wimbo mzima hushuka nusu toni. Mama alisikiliza mara moja tu, akasema, "Huyu si kaka yangu. Huyu ni mzee mmoja anaimba maneno yake."

Mwanangu alipendekeza tuurekodi wimbo, kisha tupandishe kasi kwa kompyuta. Ingewezekana. Lakini tungeishia wapi? Tungemuuliza Mama, "Hapa? Au juu kidogo?" naye angejibu kwa kumbukumbu ya miaka mingi, huku akituangalia nyuso zetu. Sikutaka sauti ya mjomba iamuliwe kwa kura. Nilitaka mashine ishike 45, ndipo tusikie kilichomo.

Fundi redio niliyempelekea ni mzee kunizidi. Aliigusa bodi kwa ncha ya bisibisi, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu maji yanakuja kwa kushtukiza, sivyo? Mnaweka pipa. Linajaa kwa vishindo, nyinyi mnateka taratibu. Basi hili ndilo pipa."

Umeme wetu wa hezi 50, ukishageuzwa kuwa wa upande mmoja, huja kwa mapigo 100 kila sekunde. Kapasita kubwa huyapokea na kuyatoa kama mkondo mmoja uliotulia. Ndani yake mna karatasi mbili za alumini, na katikati karatasi ya kawaida iliyoloweshwa kimiminika, vyote vimeviringishwa kama mkeka na kuzibwa kwa mpira. Miaka ikipita, kimiminika hukauka. Joto huharakisha: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kwa nje pipa lina sura ileile. Ndani halishiki maji.

Niliuliza kama tubadilishe zote. "Ukuukuu si ugonjwa," alisema. "Tupime."

Tulizichomoa moja moja. Iliyoandikwa mikrofaradi 1000 ilisoma 410. Nyingine nne ndogo zilikuwa zimechoka vivyo hivyo. Zile za plastiki, zisizo na kimiminika, zilisoma sawasawa na tarakimu zake, tukazirudisha. Mpya zilikuwa za mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za kustahimili nyuzi 105. Kabla ya kulehemu kila moja, fundi aliniamuru nisome kwa sauti upande wa mstari, ambao ni wa hasi, maana ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Mama alikuwa na hofu yake: tukiweka vipya, na sauti itakuwa mpya. Nilimweleza kwamba sauti hutoka kwenye sindano, hupita waya wa mkono, ikaenda zake kwenye amplifaya. Hakuna hata chembe ya mjomba inayopita katika kapasita zile. Kazi yao ni kushika mwendo tu.

Pembeni mwa sinia kuna vinundu, na taa ndogo inayopepesa. Kasi ikipungua, vinundu huonekana vikirudi nyuma. Ikiwa sahihi, huonekana vimesimama. Tuliliacha sinia lizunguke saa nzima. Vilisimama.

Mama alikaa sikio la kulia likielekea spika. Kiitikio cha kwanza kilipita, hakusema neno. Kwenye cha pili alinyanyua kidole.

"Alikuwa na mafua," alisema. "Sikilizeni. Hapo anavuta pumzi kwa mdomo."

Sisi wenye masikio mazima hatukuwa tumesikia kitu. Nikairudisha sindano mwanzo.