Fimbo ya Mbali: Ulinzi wa Jirani Katika Kaskazini Mashariki

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Darasani methali hii hufafanuliwa kwa haraka, kisha mwalimu akaendelea na nyingine. Mjini Garissa haihitaji ufafanuzi. Mji huo umekaa kando ya Mto Tana, takribani kilomita 370 kutoka Nairobi. Na anayevuka daraja kuelekea Wajir na Mandera huwa ndiyo kwanza ameanza safari. Mtu anayevamiwa usiku katika nyika hiyo huwa mbali na kituo cha polisi, na kituo chenyewe huwa mbali na gari, mafuta na amri. Aliye karibu ni jirani tu.

Hata hivyo, wahenga hao hao walisema pia kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hizi mbili zimeitawala historia ya ulinzi katika eneo la Kaskazini Mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Jirani ndiye mlinzi wa kwanza. Jirani huyo huyo ndiye mshukiwa wa kwanza. Serikali imemtaka aseme anachokijua, na mara nyingi imemwadhibu kabla hajafungua kinywa. Swali linalostahili kuulizwa basi ni hili: jirani huhitaji nini ili aseme?

Jibu laweza kuanza kutafutwa katika lugha. Msomali humsalimu mwenzake kwa kuuliza, "Ma nabad baa?", yaani, je, ni amani? Naye hujibiwa, "Waa nabad", ni amani. Mswahili huuliza, "Hujambo?", akitaka kujua iwapo mwenziwe hana jambo lililompata. Lugha zote mbili zimeifanya salamu kuwa uchunguzi mdogo wa usalama. Mchungaji anapokutana na mwingine kisimani, baada ya salamu hufuata habari: mvua imenyesha wapi, nyayo za nani zimeonekana, mifugo ya nani imepotea. Huo ni ulinzi wa jamii uliokuwapo kabla ya sheria yoyote kuupa jina.

Neno "usalama" lenyewe lina shina moja na salama na salamu. Lakini katika eneo hili lilikuja likiwa limepanda lori. Lilisikika katika "vikosi vya usalama" na "oparesheni ya usalama", na kwa wazee wengi maana yake ikawa ni wakati wa kuficha vijana na kukusanya watoto. Neno "shifta" nalo lilipata safari ya namna hiyo. Katika lugha za Ethiopia lilimtaja haramia au mwasi wa msituni. Vita vilipozuka mwaka 1963 kati ya serikali mpya ya Kenya na Wasomali waliotaka kuungana na Somalia, wapiganaji wote waliitwa mashifta. Vita vilikoma mwaka 1967, ila jina halikukoma. Mgogoro wa kisiasa ulikuwa umevishwa vazi la ujambazi, na kila mchungaji aliyeonekana porini aliweza kuvishwa vazi hilo. Sheria za hali ya hatari nazo ziliendelea hadi mwaka 1991.

Chini ya sheria hizo kulizuka mtindo wa kuadhibu kundi zima kwa kosa la wachache. Mnamo Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto na wakazi wa mji wakakusanywa katika uwanja wa shule. Mnamo Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wilayani Wajir, katika oparesheni iliyoelezwa kuwa ya kutwaa silaha. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema waliokufa huenda wakakaribia 1,000.

Yaliyotendeka yalikuwa maovu kwa nafsi yake. Isitoshe, yaliharibu pia chombo ambacho polisi hukihitaji kuliko bunduki, nacho ni habari. Anayeripoti uhalifu huamini mambo matatu: kwamba atasikilizwa, kwamba jina lake litahifadhiwa, na kwamba atakayeadhibiwa ni mkosaji pekee. La tatu linapokosekana, ukimya huwa ndiyo busara. Mama anayejua kwamba kumtaja mgeni mwenye bunduki kutaleta moto kwa bulla nzima hatamtaja. Naye jambazi hunenepa kwa ukimya huo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na bunduki zikavuka mpaka kwa wingi, barabara za eneo hili zikawa za majambazi. Mabasi ya Garissa, Wajir na Mandera yalisafiri kwa misafara ya pamoja yakisindikizwa na polisi. Wachungaji waliona nyayo za majambazi kabla ya polisi kuona maiti, lakini hapakuwa na njia iliyoaminika ya kuzifikisha nyayo hizo kituoni.

Njia hiyo ilianza kufunguliwa Wajir, nayo ilifunguliwa na wanawake. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1992, koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilipigana vikali. Vita vikaingia hadi sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakuuza maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache waliokutana arusini waliamua kwamba jambo hilo haliwezi kuendelea. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Hawakuanza kwa bunduki wala kwa azimio la kitaifa. Walianza kwa soko, wakaunda kamati ya kuangalia kwamba kila mwanamke, awe wa ukoo gani, anaruhusiwa kununua na kuuza bila kusumbuliwa. Aliyebaguliwa alijua pa kwenda kusema, na aliyesikiliza alikuwa mtu anayemfahamu.

Kutoka sokoni waliwafuata wazee, kisha vijana, kisha maafisa wa serikali. Wazee wa koo walikutana na mnamo Septemba 1993 wakatoa Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kuishi pamoja. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyoingizwa katika mfumo wa utawala wa wilaya. Palipozuka fununu ya wizi wa mifugo au mauaji, kundi la wazee, viongozi wa dini, wanawake na maafisa lilikwenda mara moja kuzungumza kabla ya kulipiza kisasi kuanza. Mfano huo ulisambaa katika wilaya nyingine za Kenya kwa jina la kamati za amani za wilaya. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Kazi yake ilithibitisha kwamba watu wa eneo hili hawakuwa wamekosa nia ya kulinda amani. Walikuwa wamekosa sikio la kuambia.

Ni muhimu, hata hivyo, jirani asipambwe kupita kiasi. Wasomali wana sheria ya kimila iitwayo heer, ambayo humfanya ukoo wa mkosaji ulipe fidia kwa ukoo wa aliyekosewa. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha viongozi wa wilaya kadhaa za kaskazini, liliiweka fidia ya mtu aliyeuawa kuwa ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Utaratibu huo una nguvu kubwa: wanaojua kwamba watalipa kwa pamoja huwadhibiti vijana wao mapema. Lakini hesabu yenyewe inasema kwa sauti kwamba uhai wa mwanamke ni nusu. Katika kesi za ubakaji hali huwa mbaya zaidi. Wazee huketi chini ya mti, hufanya maslaha, hupatana kuhusu mali, na familia mbili huondoka zikiwa zimeridhika. Msichana hakuulizwa lolote. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana tangu mwaka 2006, lakini sheria hiyo haiwezi kumfikia msichana ambaye majirani wote wamekubaliana kunyamaza. Ulinzi wa jirani unaowalinda wazee dhidi ya aibu na kumwacha binti bila haki haujastahili jina lake.

Serikali nayo ilijaribu kuupa ulinzi huu umbo rasmi. Mpango wa ulinzi wa jamii ulizinduliwa nchini Kenya mwaka 2005. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ukaletwa mpango wa Nyumba Kumi, ulioazimwa Tanzania, ambako TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi na mabalozi wake katika miaka ya 1960. Jina ni la Kiswahili sanifu na linapendeza masikioni. Lakini kwa mfugaji ambaye nyumba yake hukunjwa na kupakiwa juu ya ngamia mvua inapohama, nyumba kumi ni zipi? Leo majirani zake ni hawa, mwezi ujao ni wengine. Hata mjini, katika Bulla Iftin au Bulla Punda, mtu anayejulikana kuwa mjumbe wa Nyumba Kumi huweza kuhesabiwa na magaidi kuwa jasusi, na adhabu ya jasusi kwao ni kifo. Machifu na polisi wa akiba wameuawa kwa sababu hiyo. Kumwomba jirani habari bila kumpa kinga ni kumwomba damu.

Mwaka 2012 mji wa Garissa ulishuhudia njia zote mbili ndani ya miezi mitano. Tarehe 1 Julai, washambulizi walivamia makanisa mawili wakati wa ibada ya Jumapili na kuua watu 17. Viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao wangesimama kuyalinda makanisa. Mnamo Novemba, wanajeshi watatu waliuawa mjini humo. Mara hii soko lilichomwa, na wakazi wakalalamika kwamba wanajeshi waliwapiga na kuwafyatulia risasi. Wazee waliokumbuka mwaka 1980 hawakuhitaji kuelezwa walichokuwa wakikitazama. Julai jirani aliitwa mlinzi. Novemba aliitwa adui, bila kuulizwa jina.

Kisha ikaja alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015. Washambulizi wanne wa al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu kilichomaliza shambulio hilo kilitoka Nairobi, na kilifika saa nyingi baada ya risasi za kwanza. Hapo ndipo fimbo ya mbali ilipoonekana ilivyo. Ila kuna jambo jingine ambalo wanachuo hawana budi kulikumbuka. Serikali ilieleza kwamba mmoja wa washambulizi alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera, na kwamba baba yake alikuwa amekwisha kuripoti kutoweka kwake. Mzazi alisema. Nyumba iliyo karibu zaidi ilitimiza wajibu wake, na bado msiba haukuzuilika. Kumbe haitoshi jirani aseme. Sharti pawe na njia ya neno lake kutoka kwake hadi kwa mwenye uwezo wa kutenda.

Baada ya msiba huo serikali ilimteua Mohamud Saleh, Msomali anayelifahamu eneo, kuratibu utawala na usalama wa Kaskazini Mashariki, naye akasisitiza ushirikiano na wananchi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Mnamo Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na magaidi karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa, wanawake wengine waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na kufariki Januari iliyofuata. Ndani ya basi hilo hapakuwa na kamati, sare wala fomu. Palikuwa na abiria waliokuwa majirani kwa muda wa safari moja tu.

Mambo haya yanawahusu pia wanaosoma na kufundisha Kiswahili. Askari anayetumwa Garissa huenda ametoka Kitui, Kisii au Kwale. Bibi mwenye kibanda cha chai katika Bulla Punda huzungumza Kisomali. Lugha wanayokutania ni Kiswahili. Swali ni Kiswahili gani. Kwa miaka mingi, kile alichokisikia bibi huyo kutoka kwa wenye sare kilikuwa cha amri: "Toka! Kitambulisho! Lala chini!" Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya pekee ambayo Wakenya wengine hawakuitakiwa. Mtu aliyejifunza lugha kwa njia hiyo huijua vyema, lakini hataitumia kutoa siri.

Ndiyo maana ulinzi wa jamii hauanzi kwa kuhesabu nyumba kumi. Huanzia kwa askari kukaa mahali pamoja muda wa kutosha hata ajulikane kwa jina, na kuadhibiwa mkosaji peke yake, hata akiwa amevaa sare. Huhitaji pia kikao cha wazee kinachompa binti nafasi ya kusema. Na huhitaji salamu inayosubiri jibu. Bibi wa kibanda akiulizwa "Hujambo?" na mtu anayetaka kweli kujua, siku moja huenda akajibu kwamba ana jambo: tangu juzi amewaona wageni wawili asiowafahamu nyuma ya msikiti, na hawajaja kunywa chai.