Springi za mbele

Nimeadimika kidogo, ndugu zangu, mnisamehe. Nilikuwa chini ya gari. Chini kabisa, mgongo kwenye vumbi la Ngara, kutu ikinidondokea machoni.

Gari lenyewe ni la mzee wangu, Land Rover Series III, ile ndefu tunayoiita "mia na tisa". Waingereza waliunda aina hiyo kuanzia 1971 mpaka 1985, kwa hiyo ni kubwa kwangu kwa umri, digrii na yote. Mzee aliinunua mwaka 1997, kambi za wakimbizi zikiwa zimeshafungwa. Wa huku wanakumbuka: mwishoni mwa Aprili 1994 Warwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi! Mzee hapendi kulisimulia hilo, nami sitalisimulia kwa niaba yake.

Sasa baba mkubwa anaumwa huko Biharamulo. Mzee akasema anakwenda kumwona kaka yake, na hapandi basi. Anakwenda na gari lake. Ila gari lenyewe mbele limelala kama ng'ombe mgonjwa, na ukishika breki linakuvuta porini. Uende nalo hivyo kupita porini? Lile pori miaka ya nyuma magari yalikuwa yakisubiriana ili yasindikizwe na askari. Wenyeji hawajasahau.

Nikajitolea. Nilikuwa na shilingi 900,000 nilizodunduliza kwa kalamu yangu, na kila anayenijua anajua zilikuwa za nini. Za mahari.

Wajanja wa mjini hudhani Land Rover ya zamani ni rahisi kutengeneza, maana haina umeme mwingi. Kweli, mbele kuna ekseli moja imekaa juu ya springi mbili, vile vyuma bapa vilivyolaliana. Kila springi ina bushi tatu: mbili kwenye masikio yake na moja ndani ya chasisi, pale shakeli inapoing'iniza. Basi, ndiyo hivyo tu. Tatizo ni kwamba bushi ina bomba la chuma ndani ya mpira, na bolti inapita katikati ya bomba hilo. Miaka inapita, kutu inaingia, bolti na bomba vinakuwa kitu kimoja. Unazungusha spana, mpira unacheza, bolti haitoki ng'o.

Tulipiga nyundo siku mbili. Tukamwaga mafuta, tukalala, tukarudi. Mwishowe akaitwa mchomeleaji, akachoma mpira mpaka mtaa mzima ukanuka, akakata bolti. Elfu hamsini. Hapo bado sijanunua hata nati moja!

Spea Ngara hakuna. Nikapiga simu Arusha, mji wa Land Rover. Si mliona Oktoba 2024 walivyokusanya mamia yake kwenye tamasha? Springi mbili za mtumba 260,000. Bushi sita 90,000. Yu-bolti 48,000, shokapu mbili 140,000, shakeli na bolti zake 40,000. Mzigo ukaja kwa basi, tukafunga, tukashusha jeki tukishangilia. Gari likalala upande.

Fundi wetu, mzee wa makamo, akacheka sana. "Mwanangu, umesoma chuo kikuu lakini hukuuliza. Springi hizi si pacha. Ya upande wa dereva imenyanyuka zaidi." Muuzaji hakuziandika alama, nasi tulizibadilisha. Tukafungua upya. Safari hii akanikataza kukaza bolti za shakeli gari likiwa juu ya jeki. Kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira wa bushi unabaki umejipinda na kuchanika mapema. Fundi alichukua 120,000, na sikuthubutu kuomba punguzo.

Jumla 748,000. Mafuta ya safari yakala sehemu nzuri ya kilichobaki.

Tulitoka alfajiri. Mzee alishika usukani mwenyewe mpaka Nyakahura, hakusema neno, ila kila shimo aliinamisha kichwa kusikiliza. Kelele za zamani hazikuwepo. Pale akanipisha. "Endesha wewe. Macho yangu yamechoka."

Lusahunga tukakata kaskazini. Biharamulo tulifika saa tano, na kabla hatujashuka tukasikia sauti ya baba mkubwa kutoka chumbani, dhaifu lakini yake kabisa: "Hilo gari bado lipo?" Mzee aliingia ndani, nikabaki nje nikikagua kama kuna bolti iliyolegea. Hakuna. Walikaa humo mpaka jioni.

Simu ikaita ujumbe. Mchumba: "Mmefika salama? Na lile jambo letu je?"

La kwanza nimemjibu.