Tusajili jina au tusajili njaa?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuongee mpira.

Wamarekani na mpira wao ule wa kuvaa helmeti wana utaratibu mmoja ninaouonea wivu. Kila mwaka timu zao zinagawana vijana wa vyuoni kwa zamu, raundi 7, na aliyeshika mkia ndiye anayechagua kwanza. Hata huko mwisho kuna mali: Tom Brady alichukuliwa raundi ya 6 mwaka 2000, mtu wa 199, akaja kubeba ubingwa mara 7.

Kwetu ni kinyume. Simba na Yanga wanachukua, Azam wanachukua, wenye hela wengine wanachukua, ndipo zamu inatufikia sisi wa Kaitaba. Yaani Kagera Sugar tunaishi raundi ya mwisho.

Katikati ya mwaka 2025, baada ya timu kushuka daraja pamoja na KenGold ya Mbeya, ubishi wa usajili ulikuwa mkali kuliko msiba wenyewe. Pale Bukoba mjini, kila penye kahawa, hoja ilikuwa moja: leteni straika mwenye jina, hata kama Kariakoo wamemuacha. "Waitu, ligi ya chini inataka mzoefu," mzee mmoja aliniambia, "watoto watapigwa buti wakimbie."

Wiki hiyo hiyo kazi ikanipeleka Muleba, kilomita kama 70 kutoka Bukoba. Nikadhani ubishi nimeuacha nyuma. Wapi! Kwenye mgahawa karibu na stendi nikaukuta, ila umegeuzwa. Wa Muleba hawakutaka jina. Walitaka beki wa kushoto, kiungo mkabaji na vijana wa ndondo. Kijana mmoja wa bodaboda akanigeukia: "Kaka mwandishi, timu zikifanya majaribio mjini, sisi huku tunasikia yameshaisha. Nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya kula siku nzima. Sasa huyo straika wa mkoa mtamuonaje?"

Hapo nikakosa jibu, maana hoja yake si mpira tu. Ni nani anaonekana na nani haonekani.

Tuwe wakweli lakini, wazee wa Bukoba nao wana ushahidi. Mei 2018 Simba walikuwa mabingwa hawajafungwa mechi hata moja ya ligi, Rais Magufuli yuko uwanjani kukabidhi kombe, na Kagera Sugar wakawatia doa 1-0 kwa bao la Edward Christopher. Golini alikuwa nani? Juma Kaseja, ambaye wengi walishasema kwisha habari yake.

Ila mtazameni na Mbaraka Yusuph. Msimu wa 2016/17 alikuwa bado kijana anayetafuta njia, akatufungia mabao 12 kwenye ligi. Mwaka 2017 Azam wakamchukua. Ndiyo adhabu ya raundi ya mwisho: ukipatia, wenye hela wanakuja kuvuna.

Msimamo wangu ni huu. Kaseja hakutubeba kwa sababu ya jina, alitubeba kwa sababu alikuwa na kitu cha kuthibitisha. Mbaraka hivyo hivyo. Ukichagua wa mwisho, usitafute jina lililobaki, tafuta njaa iliyobaki. Mzoefu mmoja golini au katikati, sawa. Wanne wa kuja kumalizia soka kwa mshahara wa sukari, hapana, hao ni magalasa. Na hiyo njaa ipo Muleba, ipo Karagwe, ipo Ngara. Kocha apande basi aende akaione huko huko, maana yeye nauli anayo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama wewe ndiye mwenye kalamu ya usajili na imebaki nafasi moja tu, unamchukua nani: mzee wa Kariakoo au dogo wa Muleba? Matusi hapana, hoja tu.