Kalenda Mbili

Jioni moja ya Novemba 2024, mpwa wangu alinijia akiwa na bahasha yenye dola mia tatu. Kazi yake ni kupiga na kuhariri video za harusi, za ubatizo na za kwaya. Kompyuta yake ilikuwa na kadi ya grafiki ya GTX 1060, kizazi cha mwaka 2016. Kadi hiyo ndiyo sehemu ya kompyuta inayokokotoa picha. Ikiwa dhaifu, kuikamilisha video ya saa moja huchukua usiku kucha, na umeme ukikatika kabla ya mwisho, kazi huanza upya. Akaniuliza, “Mjomba, ninunue kadi nyingine sasa, au ningoje?”

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, wala si fundi. Lakini mwalimu hamrudishi kijana mikono mitupu. Tuliketi jioni kadhaa tukichunguza jambo hilo pamoja.

Tuliona kwamba kampuni ya Nvidia ya Marekani hutoa kizazi kipya cha kadi kila baada ya miaka miwili hivi: RTX 20 Septemba 2018, RTX 30 Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022. Kizazi kilichofuata kilitazamiwa Januari 2025. Kadi mpya zinapotoka, wapendao vipya ng’ambo huuza za zamani, na soko la mitumba, ambalo hutulisha sisi kwa njia ya Dubai na Kampala hadi maduka ya Birere, hulegea kidogo baada ya majuma kadhaa. Basi, anayetaka kadi ya zamani hufaidika akisubiri.

Tuliona pia hatari ya pupa. Septemba 2020, RTX 3080 ilitangazwa kwa dola 699, ikamalizika madukani kwa dakika chache, na baadhi ya waliobahatika kuipata walikuta michezo yao ikikatika ghafla, mpaka programu yake iliporekebishwa. Wakati huohuo, wenye RTX 2080 Ti, waliyoinunua kwa zaidi ya dola elfu moja, waliiuza haraka kwa nusu ya bei au pungufu, wakihofu kwamba imekwisha thamani. Miezi michache baadaye kadi ziliadimika dunia nzima, na zile walizozitupa zikauzwa ghali kuliko bei waliyozitolea.

Kwa hiyo nilimpa shauri: “Ngoja hadi Februari. Tafuta RTX 3060 iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12.” Alikubali. Tarehe 6 Januari 2025 kadi mpya zilitangazwa huko Las Vegas, na siku ya kuanza kuuzwa ikatajwa kuwa tarehe 30. Aliizungushia tarehe hiyo duara katika kalenda ya ukutani.

Tarehe 27 Januari wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Nanyi mnazikumbuka siku hizo. Sina haja ya kuwasimulia. Tarehe 30 watu wa miji ya mbali walipanga mistari mbele ya maduka ya kompyuta. Sisi tulikuwa tukishuka ziwani na madumu kuteka maji. Umeme ulikuwa umekatika na benki zilikuwa zimefungwa. Bahasha ile ilinunua unga, maharagwe na dawa kwa ajili ya ndugu waliotufikia wakiwa na magodoro kichwani.

Majirani walinisifu, wakisema nilimwokoa kijana asitupe fedha zake. Nilikaribia kuikubali sifa hiyo. Ndipo siku moja mpwa wangu aliniambia, kwa heshima yake yote: “Mjomba, kuhusu bei ulisema kweli. Lakini Desemba nilikuwa na harusi tatu. Mbili sikuweza kuzimaliza kwa wakati, na wenyewe wamehama mji bila kunilipa. Ningalinunua Novemba, kadi ingalikuwa imerudisha fedha zake kabla ya vita.”

Nilinyamaza. Alikuwa amesema haki. Nilikuwa nimehesabu dola hamsini ambazo huenda angeziokoa, nisiulize ni kiasi gani kingepotea kila juma la kungoja. Sikutabiri vita, hivyo sistahili sifa yake; lakini harusi za Desemba zilikuwa zimeandikwa katika daftari lake, nami sikuomba kulitazama.

Kalenda ya viwanda si ngeni kwetu. Mwaka 2000 nilikuwa mwalimu kijana. Viwanda vya simu na kompyuta vilitaka sana tantalamu, madini yatokayo katika koltani, na bei yake ikapaa mara nyingi kupita ilivyokuwa. Wanafunzi waliacha madawati, wakulima wa Masisi waliacha mashamba, na walimu wenzetu walishika sururu. Mwaka 2001 bei ilianguka. Viwanda vilikuwa vimeshiba. Aliyeliacha shamba lake bila mbegu alirudi kulikuta limekuwa pori. Hata leo Rubaya, kilometa zipatazo 60 kutoka hapa, hutoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia, na katika baadhi ya kadi hizi kuna vipande vidogo vilivyotengenezwa kwa tantalamu. Yule anayezungushia duara tarehe ya kadi mpya huenda anangojea chembe ya udongo wa jirani yake.

Mpwa wangu alinunua RTX 3060 Agosti iliyofuata. Safari hii sikumwambia lini. Nilimwuliza tu: una kazi gani mkononi, na kuchelewa kunakugharimu nini? Alikuwa na kazi mbili na malipo ya awali. Aliangalia kama kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta yake kitaimudu kadi ya wati 170, akapima kama itaenea ndani ya kasha, akamwomba mwuzaji aiwashe na kuifanyisha kazi nusu saa mbele ya macho yake kabla ya kulipa. Kwa bei, hakupata nafuu kubwa. Lakini ilipofika Septemba kadi ilikuwa imekwisha kujilipa.

Vijana wapendwa, ipo kalenda ya kiwanda, na ipo kalenda ya nyumba. Ya kwanza ni vema kuijua, kwa maana asiyeijua hununua leo kitakachoshuka kesho. Lakini ianzeni ya pili. Kama hakuna kazi inayongoja, subirini bila haya, hata kizazi kizima kipite. Kama kazi ipo na chombo chenu kinaikwamisha, msiuze Desemba yenu kwa ajili ya Februari ya wengine.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni kitu gani unachongoja sasa kishuke bei? Na ni nani anayelipa gharama ya kungoja kwako?