Jiwe la Kusagia na Mwenye Duka



Jumatano ya Majivu ya mwaka 2017 iliangukia tarehe 1 Machi. Siku hiyohiyo lilianza kutumika katazo la pombe kali za viroba, lililotangazwa mwezi Februari na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa.

Tulikuwa tumewahubiria vijana wetu juu ya ulevi kwa miaka mingi, katika mafungo na katika mafundisho ya Kipaimara. Walisikiliza, wakaitikia Amina, kisha wakarudi mtaani ambako kiroba kilipatikana kwa hela ya maandazi na kuingia katika mfuko wa sare ya shule bila kuonekana. Katazo lile halikumwomba kijana awe shujaa. Lilikiondoa kiroba. Pombe kali ikabaki katika chupa, ambayo ni ghali zaidi na ngumu kuificha.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulielewa hilo mapema. Unyanyembe ilistawi kwa kuwa misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na watu walinunua kile ambacho njia iliwaletea. Hata miembe yetu ilikuja kwa njia hiyo.

Juu ya tumbaku tunasema kwa staha, maana mkoa wetu huilima, na ada za watoto wengi (na sadaka zetu pia, tusijifiche) zimetoka humo. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Lakini ni nyumba ngapi za Wakristo ambamo mtoto hutumwa dukani kumletea baba sigara? Na mwenye duka, akishazoea kumpa ya baba, atamkatalia vipi ya kwake?

Bwana wetu alipotaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari (Mt 18:6), hakumtisha mdogo anayekwazwa. Alimtazama anayemkwaza. Nasi tumelisoma Injili hilo mara nyingi huku tukiwakazia macho vijana waliosimama nyuma, ilhali wauza gongo na wenye maduka wameketi mabenchi ya mbele, wengine wakiwa viongozi wa jumuiya. Hatukuwahi kuwaita.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakutana nao ukumbini, pamoja na akina baba wanaotuma sigara. Vijana hawahitajiki.