Theluji ya Bibi

Washikaji wa kijiweni kwetu Sinza walidhani nimechanganyikiwa. Dar es Salaam, mwezi wa pili, jua linawaka utadhani lina deni na mtu, halafu mwanaume mzima na ndevu zake amekaa kwenye benchi anafuma kofia ya sufu. "Oya, unahamia Ulaya nini?" Mwingine akauliza kama nategemea mtoto. Nikawaacha wacheke. Kijiweni ni zamu tu: leo kwangu, kesho kwako.

Kofia ilikuwa ya Bibi.

Bibi yangu anaishi Marangu, kwenye kihamba chake chenye migomba na kahawa. Amezaliwa mwaka 1941. Yeye ndiye aliyenifundisha kufuma, nikiwa darasa la nne, likizo niliyoanguka kwenye mti wa parachichi nikavunjika mguu. Nilikuwa nimelazwa na plasta hadi pajani, nalia kwa kuchoka kulala. Bibi akanipa sindano mbili na uzi wa sweta la zamani. "Mguu ndio umevunjika," akasema, "mikono ina nini?" Mpaka plasta inatolewa nilikuwa nimefuma skafu ndefu kuliko mimi mwenyewe.

Sasa miaka imekwenda. Bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka mingi amekuwa akiona mwanga na vivuli tu. Mwaka huu hatimaye alikubali kufanyiwa operesheni baada ya Pasaka. Nilipompigia simu alilalamika kitu kimoja: baridi ya kichwa. Mzula wake wa zamani umechakaa. Nikaropoka, "Bibi, nitakufumia mwingine. Wenye mlima."

"Mlima gani?"

"Kwani kuna mwingine?"

Akacheka. Nikawa nimeshaahidi, na ahadi kwa Bibi si kama ahadi ya kumlipa fundi cherehani.

Nyuzi nilizitafuta mitumbani, Karume. Uzi mpya wa sufu ni ghali, lakini sweta la mtumba unaweza kulipata kwa bei ya soda mbili tatu. Kuna ujanja wake. Lipindue sweta uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi kikafungwa kwa mashine, liache, maana ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi kama tambi. Tafuta lile ambalo kila kipande kilifumwa na kingo zake, kisha kikashonwa na mwenzake. Hilo ukifungua mshono na kukamata ncha ya uzi, linafumuka lote kwa uzi mmoja. Uzi ukishatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga, unaulowesha, unauanika ukiwa na kitu kizito chini. Ukikauka umenyooka. Nilipata rangi sita: kijani cha migomba, kijani cha giza cha msitu, kahawia ya yale majani makavu ya juu ya msitu, kijivu cha mawe, nyeupe, na bluu ya mbingu.

Sindano zikawa spoku za baiskeli. Fundi baiskeli wa mtaani alinikatia tano, akazisugua ncha kwenye jiwe la kunolea mpaka zikawa laini. Kofia hufumwa kwa kuzunguka, haina mshono wa pembeni. Spoku nne zinabeba vitanzi, ya tano inafuma. Nilianza na vitanzi 144, maana yake 36 kila spoku, na nikaamua kila spoku ibebe mlima mmoja. Ukimzunguka Bibi kichwani unaukuta mlima mara nne, yaani popote atakapogeuka yuko nao.

Mchoro niliuchora kwenye daftari la hesabu, kiboksi kimoja kitanzi kimoja. Hapo nikapata somo la kwanza. Kitanzi si mraba, ni kifupi kuliko upana wake. Mlima niliouchora mrefu na wa kujidai ukatoka kwenye uzi umebonyea. Nikachora upya. Kutoka kwenye ule uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi kwenda juu, Kibo nikakipa mizunguko 12. Kibo kina mita 5,895 na Mawenzi 5,149, na uwanda wenyewe uko kwenye mita 4,400 hivi, kwa hiyo Mawenzi ikapata mizunguko sita tu. Na ncha yake nikaifanya imechongoka, maana sisi wa kule tumekua tukisikia kwamba Mawenzi alichoka kuwasha moto wake, akawa kila siku anakwenda kuomba kaa la moto kwa Kibo, mpaka Kibo akachukia akampa kipigo. Makovu ndiyo yale.

Somo la pili lilikuwa la nyuma ya kofia. Unapofuma rangi mbili katika mzunguko mmoja, rangi isiyo na kazi haikatwi. Inapita kwa nyuma, inasubiri zamu yake. Ukiivuta sana, kofia inajikunja. Ukiilegeza sana, vidole na hereni vinanasa humo. Na ikibidi isafiri mbali, kila baada ya vitanzi vinne au vitano unaipitisha chini ya uzi unaofuma ili ishikwe. Mimi kwa pupa nilivuta. Kofia ya kwanza ilitakiwa iwe na sentimita 51 kuzunguka, ikatoka 43. Kwa mbele ilikuwa nzuri, mlima kabisa, lakini haikuingia hata kichwa cha mtoto wa jirani. Washikaji wakaivalisha chupa ya chai. Nikaifumua yote mpaka kitanzi cha mwisho, nikaanza tena.

Ndipo nikafika kwenye theluji.

Naomba msomaji unielewe hapa, maana ndipo kofia ilipoacha kuwa kofia. Nilitaka kujua nyeupe nifume mizunguko mingapi. Kufuma kwa kukisia sikupenda, nikatafuta vipimo. Vipo, vimechapishwa. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 1953 zilikuwa zimebaki karibu saba. Mwaka 2007 zilikuwa chini ya mbili. Hii ni barafu inayokaa. Kuna asubuhi baada ya mvua Kibo chote huamka cheupe, lakini ile ni theluji ya mgeni, jua likipanda imeshaaga.

Kumi na mbili, saba, mbili. Nami nilikuwa na mizunguko 12 ya Kibo mkononi. Hesabu ilijileta yenyewe: kilomita moja, mzunguko mmoja. Nikafuma miwili. Kwa mlima wa leo hata hiyo nilikuwa nimeupendelea. Nikaendelea na bluu, nikapunguza vitanzi kidogo kidogo mpaka nikafunga kileleni. Safari hii kofia ikatosha.

Lakini nilipokuwa kwenye basi kwenda Moshi, kofia iko mapajani, roho ikaanza kunisuta. Maana nyumbani kwetu kuna uongo mmoja. Tangu macho yake yafifie, kila asubuhi Bibi hukaa barazani na kikombe chake cha chai na kuuliza, "Mlima umetoka?" Na yeyote aliye karibu, awe mama mdogo, awe mtoto wa jirani, awe mimi nikiwa likizo, hujibu, "Umetoka, Bibi. Mweupe kabisa." Hakuna aliyetufundisha kujibu hivyo. Tulirithishana tu, kama salamu. Sasa mtu huyu anakwenda kufunguliwa macho. Atatoka hospitali, atakaa barazani, atatazama juu. Atatuona sote waongo. Na wa kwanza kumwambia ukweli ni mimi, kwa mizunguko miwili ya uzi wa mtumba.

Nilifika jioni. Tukasalimiana, nikala ndizi, nikampa. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Kitu cha kwanza hakuivaa. Aliipindua. Akapitisha vidole kwenye nyuzi za nyuma, pole pole, kama mtu anayesoma.

"Hujavuta," akasema. "Umekua."

Wallahi, tuzo hiyo sitaibadilisha na nyingine.

Kisha akaigeuza. "Niwekee kidole theluji inapoanzia."

Nikakishika kidole chake nikakiweka. Akakisogeza juu, kikafika kwenye bluu mara moja. Akarudi. Akapanda tena. "Mbona imeisha?"

"Ni mizunguko miwili, Bibi."

"Umekosea." Akashusha kidole chini, chini zaidi, mpaka katikati ya mawe. "Nilipokuwa msichana ilifika hapa. Tulikuwa tukienda kukata majani ya ng'ombe alfajiri, jua likiipiga unafumba macho."

Nilikaa kimya. Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni na zote zilikuwa mbaya. Ya kwanza: ndiyo Bibi, nimekosea. Ya pili: Bibi, siku hizi ndivyo ulivyo. Nikachagua ya pili, sauti ikinikwama. Nikamweleza vile vipimo. Nikamwambia tumekuwa tukimdanganya kila asubuhi.

Bibi alikunywa chai. "Mnadhani sijui?" akasema. "Ni macho yaliyokufa. Redio sisikilizi? Wameshasema miaka mingapi kwamba barafu inaisha?"

"Sasa kwa nini unauliza kila siku kama mlima umetoka?"

"Nauliza kama umetoka. Mweupe mnaongeza wenyewe."

Nikacheka kwa aibu. Naye akacheka, halafu akanirudishia kofia. "Wa sasa nitauona nikitoka hospitali, Mungu akipenda. Wewe nifumie wangu."

Uzuri wa kofia ni kwamba theluji iko juu, ndiyo ya mwisho kufumwa, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufumuka. Nilikata ncha ya kileleni pale pale barazani, nikavuta. Bluu ikatoka, ile nyeupe kidogo ikatoka, kijivu kikatoka, mpaka nikabaki na nusu ya chini ya Kibo. Nikaanza tena. Nilifuma mizunguko saba. Nilihesabu: mwaka 1953 Bibi alikuwa na miaka 12. Kidole chake kipofu na vipimo vya wataalamu vilikutana kitanzi kwa kitanzi.

Ila theluji ikishuka mizunguko saba, inakutana na ncha ya Mawenzi. Mzunguko huo mmoja ukataka rangi tatu: nyeupe ya Kibo, bluu ya mbingu, kijivu cha Mawenzi. Rangi tatu kwa pamoja nyuma ya kofia ni fujo, zinajaa na kukaza. Nikafikiria kuikata ncha ya Mawenzi, nani atajua? Nikamwuliza Bibi. "Alishapigwa na Kibo," akasema, "na wewe unamkata kichwa?" Basi nikafuma bluu tupu mahali pale, na kofia ilipokwisha nikachukua sindano ya mkono nikadarizi vitanzi vya kijivu juu ya bluu, kwenye milima yote minne. Ukitazama kwa karibu utaona ncha imenenepa kidogo. Na iwe hivyo.

Operesheni ilikwenda salama, jicho moja kwanza. Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani tulikaa barazani alfajiri, mimi, yeye na mama mdogo. Kofia kichwani, kikombe mkononi. Hakuna aliyesema neno. Mawingu yalikuwa bado hayajapanda. Kibo kikatoka, cha kijivu, na vipande vyake vya nyeupe pembeni kama sahani iliyovunjika.

Bibi alitazama muda mrefu. Mama mdogo alikuwa anajipangusa na kanga, anajifanya ni moshi wa jikoni. Kisha Bibi akavua kofia, akaitazama kwa jicho lake jipya, mbele na nyuma. Akajishika nywele zake, ambazo hajaziona kwenye kioo miaka yote hiyo, nyeupe tupu.

"Kumbe imehamia huku," akasema.

Akavaa kofia yake, akaomba chai nyingine.

Uzi ulibaki. Nikiwa kwenye basi la kurudi Dar nilianza kofia ya pili, ya kwangu, yenye mizunguko miwili ya nyeupe. Jirani yangu wa kiti aliuliza kama si joto kali kwa mzula. Nikamwambia ni kali kweli. Naivaa hivyo hivyo kijiweni, wananicheka. Akiniuliza mtu ile nyeupe ndogo pale juu ni nini, namwambia akae, nimsimulie.