Barua kutoka Minneapolis: Krediti ngapi zitahama naye?



Juzi dada yangu alinipigia kutoka Moshi, hata salamu hazijaisha: "Mwambie mpwa wako ahamie chuo chenye jina. Hicho cha kwake nikikitaja hapa, watu wananitazama tu."

Kijana yuko mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, katika chuo kidogo cha binafsi huko Iowa. Alikuja kwangu akiwa na barua ya chuo kikuu anachokitamani: krediti zake karibu zote zimepokelewa! Nikamwambia, soma na ukurasa wa pili. Somo la saketi, lile lenye maabara lililomkosesha usingizi, limeandikwa "la hiari". Maana yake wamelipokea, lakini halimpunguzii kitu kwenye uhandisi. Atalisoma upya na kulilipia upya. Shahada ya hapa kwa kawaida ni krediti 120, na ukibeba rundo la masomo ya hiari, miaka minne inakuwa mitano. Halafu alama zenyewe kwa kawaida hazihami. Wastani wake mzuri anauacha Iowa, pamoja na ufadhili.

Walioanzia vyuo vya umma vya miaka miwili hapa Minnesota wana nafuu, kwani upo mpango wa krediti 40 za masomo ya msingi unaotambuliwa na vyuo vya umma vya jimbo. Yeye hayumo.

Kuna na viza. Chuo cha sasa hupanga tarehe ya kuachilia rekodi yake ya SEVIS, yaani mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na tarehe hiyo ikipita, hakiwezi tena kuirudisha. Anayebadili mawazo baada ya hapo ana kazi.

Sisemi watu wasihame. Programu yake ingekuwa haina ithibati ya ABET, shirika linalokagua programu za uhandisi, ningemfungia mizigo mwenyewe, maana majimbo mengi huitazama hiyo kabla ya kumpa mhandisi leseni. Lakini inayo. Jina la kutambia kwenye kikao cha harusi si sababu ya kumwongezea mtoto mwaka wa ada.

Basi dada, nawe mzazi unayetaka kuuza kiwanja: kwanza mwambie mtoto akutumie karatasi inayoonyesha kila somo limeingia wapi kwenye shahada mpya. Chuo kikisema kitaitoa baada ya kulipwa, asihame.